Konzi ya Ngano kwenye Piza ya Muhogo

Binti yangu amejiunga na watu wasiokula ngano. Hakuambiwa na daktari, ameamua mwenyewe, kama watoto wa siku hizi wanavyojiamulia mambo ambayo sisi tuliamuliwa. Juzi akanikaribisha kwake, akajifunga aproni, akaniambia mama kaa tu, leo napika mimi. Alikuwa na pakiti ya unga wa muhogo yenye picha ya muhogo msafi, hauna hata chembe ya udongo, na bei yake ilinifanya nivae miwani nisome tena. Nikairudisha mezani. Mgeni akianza kukosoa jikoni kwa mwenyeji, hata mwenyeji akiwa ni mtoto wake wa kumzaa, atalala njaa.

Akaponda viazi, akachanganya na ule unga, akavunja yai, akatandaza, akapaka nyanya, akatupia jibini, akasukuma kwenye oveni. Mpaka hapo nilikuwa mzima. Lakini muhogo ulipoanza kuungua pembeni, ile harufu kavu yenye utamu kwa mbali, na nyanya inachemka juu yake, nikashindwa kukaa. Nikainuka nikafungua dirisha. Binti akauliza kama chakula kinanuka vibaya. Nikamwambia hapana, kinanuka sawasawa kabisa.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa, nyinyi mliopanga foleni ya sabuni mkaweka jiwe kushika nafasi, kisha mkaamka siku moja mkakuta maduka yamejaa sabuni za kila rangi na baba zenu hawana kazi. Ndiyo miaka ninayoisema. Waliiita ruksa, na kweli kila kitu kilikuwa ruksa, pamoja na kumwachisha mtu kazi aliyoifanya tangu hajaota ndevu.

Tulikaa kwenye shamba la chai, Usambara ya mashariki, milima kadhaa kutoka Bulwa. Baba alikuwa Mmanyema, ameletwa na kazi kama karibu kila mtu pale. Katika nyumba za wafanyakazi ulimkuta Muha, Mbena, Mnyaturu na Mmakonde, na ukitaka kumsengenya mtu ilibidi kwanza uangalie nani anapita. Mama alikuwa Msambaa wa Mgwashi. Baba alihudumia mashine za kukausha majani kiwandani, na alirudi jioni akinuka chai mpaka masikioni. Shamba lilipopata wenyewe wapya, wakaja watu wenye kalamu, wakazunguka kiwandani, na kilichofuata kikaitwa kupunguzwa. Baba akapunguzwa. Akabeba begi akashuka Tanga kutafuta kibarua bandarini, akasema akipata atatuita. Nyumba ilikuwa ya shamba, na amri ilikuwa moja: nyumba isiyo na mfanyakazi wa shamba ndani yake ikabidhiwe mwisho wa mwezi.

Mama hakulia. Mama alikuwa na tabia moja ambayo nimeirithi na inanisumbua: akipata pigo, anafagia. Alifagia ua ule mpaka mizizi ya mpera ikatokeza. Alipomaliza akaosha mchele, akauanika, akautwanga, akapika mikate ya kumimina, ile ya unga wa mchele na nazi inayookwa kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko, akanibebesha kapu tukaenda kuuza gulioni. Hapo ndipo bahati yetu ilipotuona, au ilipotudanganya.

Meneja mpya alikuwa Mzungu, na mke wake tulimwita Mama Elena, kwa jina la binti yao aliyekuwa kimo changu. Elena alikuwa hali ngano. Ikiingia tumboni mwake inamwangusha, na mpishi wao wa kwanza alishafukuzwa kwa sababu hiyo. Mama Elena alipita gulioni, akaonja mkate wetu, akauliza una ngano, Mama akasema hauna hata harufu yake. Wakanunua. Mtoto akala, asidhurike. Wakarudi tena. Mwishowe Mama Elena akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, watoto wote wa mtaa wakimfuata nyuma, akasema haja yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Jumamosi wangekuja wenye shamba kula chakula cha mchana barazani kwake. Ilikuwa pia sikukuu ya kuzaliwa Elena, na Elena alitaka piza. Mama hakuijua piza. Mama Elena akachora kwa kidole kwenye vumbi, akaeleza: mkate bapa, nyanya juu, jibini juu yake, moto. Mama akatikisa kichwa, akasema kumbe ni chapati iliyovaa. Ila isiwe na ngano. Na ipikiwe kwetu, kwa sababu jiko la kule juu siku hiyo lingekuwa limejaa keki na mikate ya wageni, unga unapeperuka kila mahali, wakati kwetu ngano haikuwahi hata kulala. Ikifaa, Jumatatu Mama anaanza kazi ya upishi, na nyumba inabaki yetu.

“Hata vumbi hapana, Mama Zuhura,” alisema, akamshika Mama mkono. “Elena akila ngano, hospitali. Unaelewa? Hospitali.”

Mama alielewa. Mimi pia nilielewa, kwa akili zangu. Kwetu sisi mtu aliumwa akanyweshwa mizizi, akazidiwa akapelekwa zahanati, na yule aliyewekwa kwenye machela akashushwa milimani kwenda hospitali tulikuwa tumeshamlilia nusu. Mjomba wa rafiki yangu alishushwa hivyo, na machela ilirudi imekunjwa begani kwa mtu. Kwa hiyo niliposikia hospitali, nilichosikia ni kaburi. Nikajua kwamba ngano kwa Elena ni sumu ya kuua.

Wiki ile tulikula makosa. Mama alijaribu ndizi mbichi za kuponda, zikatoka nyeusi na zikavunjika kabla hazijafika sahanini. Akajaribu unga wa mchele, ukatoka mkate mzuri sana ambao hakuna mtu angeuita kitu kingine. Akajaribu unga wa muhogo mtupu, ukakauka ukawa kandambili, tukautafuna kwa chai mpaka mashavu yakauma. Viazi vitupu vikawa uji. Mwisho akachanganya viazi na muhogo, akatia yai, na hapo tukaanza kuona mwanga, ingawa kila alipoutandaza ulipasuka pembeni, akawa anauziba kwa vidole kama mtu anayekandika ukuta. Nilikula kila kilichoharibika na sikulalamika, maana hata piza iliyoharibika ilikuwa na kitunguu juu.

Kwenye usafi ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Unga hakuupeleka mashineni, kwa sababu akina mama wote walisaga pale unga wa lishe wa watoto wao, na ndani ya ule unga kuna ngano, na mashine haijui kutenganisha. Alitwanga makopa yake mwenyewe, vile vipande vya muhogo mkavu, kwenye kinu alichokichemshia maji mara sijui ngapi. Chekecheke akanunua jipya. Jirani akija kuomba moto, anapewa mlangoni. Watu wakaanza kusema Mama Zuhura siku hizi anajisikia.

Ijumaa Bibi akafika. Huyu alikuwa mama yake Mama, kutoka Mgwashi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye hakuwahi kwenda kwa mwanawe mkono mtupu. Alikuja na viazi vya kwao, maharage, na ndani ya kapu, chini kabisa, kitambaa kilichofungwa fundo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akaninusa utosini kama desturi yake. Nilimpenda Bibi kuliko watu wote. Tena nilimwogopa kidogo, kwa sababu alijua mizizi. Alichimba dawa za tumbo na za homa, watu walimfuata toka mbali, na mtu anayejua ya kuponya, kule kwetu, hakosekani wa kunong'ona kwamba anajua na ya pili, ya kudhuru.

Jioni ile ile, tukiwa tunamenya viazi, Mama akamweleza habari yote: kazi, nyumba, piza, mtoto asiyekula ngano. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka puani, akasema kwa Kishambaa kwamba tangu azaliwe hajasikia ngano ikimdhuru binadamu. Kinachodhuru ni kuikosa. Alisema hao watu wanaona haya kusema hawataki kumkabidhi unga wao, wanamwona Mama ni mtu wa bada tu, mtu wa ugali wa makopa, basi apike makopa yake wamcheke mbele ya wageni. Mama akajibu, mama, ni kweli, nimemwona mtoto mwenyewe, ni mwembamba kama fito. Bibi akachukua kiazi kingine. Alipozungumza tena hakuwa anazungumza na sisi.

“Wamemwondoa baba wa watoto kazini kama mtu anayefukuza kuku,” alisema. “Mungu yupo. Na wao wana watoto.”

Nilikuwa na kiazi mkononi. Sikukimaliza kukimenya.

Jumamosi asubuhi Mama aliponda, akachanganya, akakanda, akafunika donge lake kwa kitambaa safi, akaenda kuoga na kuvaa kwa sababu alitaka afike kule juu akiwa mtu. Mimi niliambiwa nikachume hoho bustanini. Niliporudi sikuingia. Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa mabanzi, na kati ya banzi na banzi kulikuwa na nafasi ya jicho. Nilimwona Bibi amepiga magoti mbele ya beseni. Alifungua lile fundo lake. Ndani mlikuwa na unga mweupe, mwepesi, ambao si wa muhogo. Ule wa muhogo niliujua rangi yake vizuri wiki ile. Akachota konzi moja. Akaishika juu ya beseni, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti, macho yamefumbwa. Kisha akamimina, akakanda haraka haraka kwa ile mikono yake, akachota konzi ya pili, midomo tena, akamimina tena. Akafunika. Akafunga fundo.

Alipoinua kichwa akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu.

Nimeshapata misiba, nimeshaugua, nimeshaibiwa na watu wenye visu, lakini sijaogopa tena kama nilivyoogopa lile tabasamu. Kila kitu kilijipanga kichwani mwangu chenyewe. Bibi aliambiwa wazi kwamba ngano itamwua mtoto yule. Bibi alisema na wao wana watoto. Sasa Bibi ametia ngano, na ameisomea. Nilisimama na hoho zangu kwenye sketi, nikiwaza kwamba bibi yangu, huyu anayelala na mimi kitanda kimoja, anaua mtu leo mchana.

Mama akatoka kuoga akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Akabonyeza donge. Akalitandaza, na lile donge ambalo wiki nzima lilimpasukia likafunguka laini mpaka kwenye ukingo wa sinia. Mama akacheka peke yake. Akasema leo umekubali, leo Mungu amenionea huruma. Bibi akasema amina. Mimi nikataka kusema, na kila nilipomkaribia Mama, Bibi alikuwa hapo, anapuliza makaa, anakata kitunguu, ananitazama kwa jicho la mtu mwenye siri na mwenzake. Nikawaza nikisema, polisi watatoka Muheza wamchukue. Nikawaza nisiposema, Elena atashushwa mlimani kwenye machela. Jibini ya watawa wa Lushoto aliyoileta Mama Elena ikayeyuka juu ya nyanya, harufu ikajaa nyumba, majirani wakachungulia, na mimi nikatapika nyuma ya choo.

Mama akaifunika sinia, akajitwika, akashika njia ya kwenda juu. Alivaa kanga zake za doti moja zilizokuwa hazijafuliwa hata mara moja. Bibi akakaa kizingitini akimtazama mpaka anapotelea kwenye chai, kisha akanigeukia, akanipapasa shavu kwa mkono ule ule.

“Umekuwa mkubwa sasa,” alisema. “Unajua kutunza neno.”

Nikakimbia. Sikusema naenda wapi. Sikufuata njia, nilikata katikati ya chai, na anayeijua michai iliyokomaa anajua inavyokamata nguo na kukwangua magoti. Nilianguka kwenye mfereji nikainuka. Nilisikia wachumaji wakiniuliza kuna nini kwenu, nani kafa. Sikuwajibu, kwa sababu sikuwa na hakika kama bado hajafa.

Barazani kwa meneja walikuwa wamekaa wageni na miwani zao za jua, na nyapara mmoja Msambaa, mtu wa Soni, alikuwa amevalishwa shati jeupe la kuhudumia. Mama alikuwa amesimama pembeni, mikono imeshikana mbele. Piza ilikuwa mezani imeshakatwa. Elena alikuwa na kipande mkononi, na kona ya kipande hicho ilikuwa tayari mdomoni.

Sikumwamkia mtu. Nikapiga kelele pale pale kwenye ngazi kwamba asile, Bibi ametia ngano, Bibi ametia ngano ili afe.

Sijui Mama Elena alielewa maneno mangapi, lakini ngano aliielewa. Alimrukia mtoto wake, akamtia kidole kinywani, akamtemesha kwenye leso, akampeleka ndani mbio na kwikwi za mtoto zikasikika mpaka nje. Wageni wakasimama. Meneja akauliza kitu kwa lugha yao. Lakini mimi nilikuwa namtazama nyapara, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameielewa sentensi yangu yote, mwanzo hadi mwisho.

“Bibi yupi?” aliuliza taratibu. “Yule mama wa mizizi, wa Mgwashi?”

Sasa mjue neno moja. Mzungu kukasirika kuna mwisho wake, utafukuzwa basi. Lakini mwanamke mzee, mjuzi wa dawa, akishasemwa kwamba ametia kitu kwenye chakula cha mtoto wa watu, na aliyesema ni mjukuu wake mwenyewe, habari hiyo haiishi barazani. Inashuka na wachumaji jioni, inapanda lori, inafika Mgwashi kabla yake. Wagonjwa hawaji tena. Watoto wanakatazwa kupita mbele ya nyumba yake. Tulikuwa tumewaona bibi za watu wakizeeka hivyo, peke yao, na wengine hawakuachwa wazeeke. Mimi sikulijua hilo. Mama alilijua, na alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu.

“Mtoto huyu ana homa,” Mama akamwambia nyapara. “Mama yangu hakugusa beseni. Ngano nimetia mimi.”

Nyapara akamtazama. Mama akasema donge lilikuwa linapasuka, akaona haya kuleta kitu kilichopasuka mbele ya wageni, akaazima ngano kidogo akaitia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anamwelekeza mtu njia. Nikafungua mdomo kusema si yeye, na mkono wa Mama ukatua begani kwangu ukabana mpaka mfupa ukalia. Mama Elena akarudi, amebadilika rangi, machozi yamemlowesha. Hakufoka. Ningependa kuwaambia alifoka, ingekuwa rahisi kumchukia.

“Nilikuambia,” alisema. “Hata vumbi.”

“Uliniambia,” Mama akajibu. “Ni mimi. Nisamehe.”

Tukateremka. Hakuna aliyetufukuza, tulijua wenyewe njia. Mama alitembea mbele bila sinia, mikono mitupu, na zile kanga mpya zikishika vumbi bila yeye kuzipandisha. Tulipopita kona ya kwanza, ambako nyumba ya juu haionekani tena, akasimama akaniuliza niliona nini. Nikamweleza fundo, konzi, midomo iliyocheza, macho yaliyofumbwa. Nikamwambia Bibi alimsomea Elena afe. Nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu niliona Mama amemkinga mwuaji.

Mama akakaa chini, pale pale kwenye udongo mwekundu, na kanga zake zote. Alicheka kwanza. Kisha kile kicheko kikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke nikamwona mama yangu analia.

“Zuhura,” alisema, “alikuwa ananiombea mimi.”

Akanieleza. Kwamba Bibi hawezi kutia mkono kwenye chakula cha mtu bila bismillahi na dua. Kwamba miaka ya njaa Bibi aliwalea kwa makopa, asubuhi makopa, jioni makopa, mpaka akaapa kwamba mtu anayemheshimu hatamtengea muhogo. Ngano aliipata sikukuu kwa sikukuu, kibaba kwa kibaba, na ile iliyokuwa kwenye fundo aliiweka tangu Idi ili atupikie sisi maandazi. Aliona mwanawe anakwenda kuomba kazi akiwa amebeba chakula cha njaa kichwani. Hakuamini kwamba yupo mtoto wa kudhurika kwa kitu kizuri kama kile, wala hakuna mtu katika maisha yake yote aliyempa sababu ya kuamini. Basi akatoa kilicho bora alichokuwa nacho, akakificha, ili sifa zimwendee Mama.

Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akanifuta na mimi, damu ya magoti na makamasi kwa pamoja. Akaniambia tukifika nyumbani mimi sikusema kitu na yeye hakuambiwa kitu. Nikauliza, na nyumba? Akasema nyumba ni ya shamba, siku zote ilikuwa ya shamba.

Bibi alikuwa bado kizingitini. Sidhani kama alikuwa ameinuka. Alimwona Mama anakuja bila sinia, na uso wake ukafunguka.

“Walikula?”

“Walikula, mama,” Mama akasema. “Wakalamba na sahani.”

Bibi akanikonyeza. Alipika bada jioni ile na mlenda, na kula alikula yeye tu, akituuliza mbona tumeshiba mapema, kumbe wakubwa wale wametulisha huko juu. Kesho yake akapanda lori kurudi Mgwashi, ana haraka ya kwenda kusimulia. Habari iliyozagaa kambini ilikuwa ya Mama: Mama Zuhura aliazima ngano, akapoteza kazi kwa kuona haya. Watu walimcheka, kisha wakachoka. Elena aliumwa tumbo akapona, nilimwona tena kwenye bembea yao kabla hatujahama. Mwisho wa mwezi tukafunga vitu vyetu. Bibi alipotuona tunaingia Mgwashi na magodoro, Mama alimwambia wale Wazungu walimpenda sana ila wameleta mpishi wao kutoka kwao, ndiyo dunia ya sasa. Bibi akawalaani kidogo, akatupisha chumba.

Tulikaa pale miaka. Baba alikuja na kuondoka, Mama akalima viazi vya watu, kisha vya kwake. Na Bibi hakuacha kusimulia. Arusini, kwenye maulidi, kwa wagonjwa waliokuja kufuata mizizi na kukaa wakisubiri ichemke, alisimulia jinsi Wazungu walivyotaka kumdhalilisha binti yake kwa unga wa muhogo, na jinsi konzi mbili za ngano yake zilivyowafanya walambe sahani. Kila mara alimgeukia Mama amshuhudie. Kila mara Mama, akiwa anapepeta au anachochea au ana gunia mgongoni, aliitikia ndiyo, mama, ndivyo. Nilipofika umri wa ukaidi nilimuuliza Mama kwa nini asimwambie tu, sasa imepita, tutacheka wote. Aliniangalia kama mtu aliyemkuta mtoto anachezea kisu.

Bibi alifariki akiwa mzee sana, nyumba imejaa watu aliowatibu na watoto wa watu aliowatibu. Siku ya matanga, wanawake wakiwa wamekaa mkekani, mmoja akaianza hadithi ile, wengine wakaidaka, wakacheka katikati ya machozi kama inavyokuwa. Kisha mke wa mjomba, mwanamke wa Malindi aliyeolewa kwetu baadaye, akamgeukia Mama, akamuuliza kama kweli ilikuwa hivyo au marehemu alitia chumvi.

Watu wakasogea kumsikiliza. Aliyekuwa anakingwa alikuwa ameshalala chini ya udongo tangu jana yake, na sasa hakuna neno lililoweza kumfikia. Mama aliyepoteza kazi, na nyumba, na jina la kuwa mpishi, alikuwa huru kabisa kuyadai yote mbele ya mashahidi. Nilimwona anaitazama mikono yake.

“Ilikuwa hivyo,” akasema. “Mimi mwenyewe ndiye niliyeosha zile sahani. Hazikuwa na cha kuosha.”